Dhima ya Katibu wa Seva

Ninaandika programu za upande wa seva. Karani wa ghala anaona kioo cha kompyuta yake, mkulima anaona ujumbe kwenye simu, na katikati yao pana programu ya Java inayopokea hati, kuisoma, kuipima na kuijibu. Hiyo ya katikati ndiyo kazi yangu. Naifanyia nyumbani Mikindani, kwenye chumba kilichokuwa cha marehemu babu, na hati nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za korosho: kilo, madaraja, idadi ya magunia, namba za wanachama, majina ya maghala. Zinakuja kwa SOAP, itifaki ya kutumiana ujumbe kati ya kompyuta, kwa mtindo uitwao wa hati, yaani waraka mzima wa XML ndani ya bahasha yake. Wenzangu wa Dar es Salaam huniuliza kwa nini bado nashughulika na kitu kilichochapishwa mwaka 2000. Jibu la haraka ni kwamba zipo taasisi kubwa ambazo mifumo yao bado inazungumza hivyo, na anayetaka kuzungumza nazo atajifunza lugha yao. Lakini ninalo jibu jingine, na linahitaji nafasi. Nimekuja kuamini kwamba mtindo huu unamwekea mwandishi wake mzigo wa kidini, na kwamba mzigo huo una mahali pake hasa ndani ya programu, mahali ambapo mtu anaweza kupaonyesha kwa kidole.

Aliyenianzishia jambo hili ni maalimu aliyenisomesha chuoni nilipokuwa mtoto. Nilikwenda kumjulia hali, akaniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikamweleza kama nilivyoweza: hati inafika, hakuna mtu aliyekaa, programu inaisoma na kuamua. Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi huyo ni katibu," akasema. "Na katibu ana dhima. Huyu wenu asiye na roho, siku ya hesabu ataitwa nani badala yake?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Sura al-Baqara, aya ya 282.

Ni aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inahusu deni. Waumini wanaamrishwa waandike wanapokopeshana kwa muda maalumu. Awepo katibu, aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika kwa namna Mwenyezi Mungu alivyomfundisha. Maneno ya kuandikwa yatamkwe na yule anayedaiwa. Kama anayedaiwa ni dhaifu au hawezi kutamka, mlezi wake atamke kwa haki. Wawepo mashahidi. Watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Na mwishoni, katibu asidhuriwe wala shahidi asidhuriwe. Nimeisikia ikisomwa tangu utotoni bila kutambua kwamba ndani yake mna maelezo ya kazi, tena ya kina kuliko maelezo mengi niliyowahi kupewa na mteja.

Kwetu kusini aya hii haiko mbali na maisha. Sheria ya stakabadhi ghalani ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 mfumo huo ukaanza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara. Mkulima wa Mahurunga au Kitaya anapeleka korosho kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, zinapimwa, anapewa risiti. AMCOS inazisafirisha hadi ghala kuu, huko zinapimwa tena na kupangwa daraja, na mtunza ghala anatoa stakabadhi. Mnada unafuata, tangu msimu wa 2024/25 kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na fedha zinaingia benki baadaye, makato yakiwa yameshaondolewa. Tangu siku gunia linapotoka nyumbani mpaka siku fedha zinapoingia, mkulima hana korosho wala hana fedha. Ana maandishi tu. Anayedhani maandishi ni jambo dogo amuulize aliyeuza kwa kangomba: mikorosho ikiwa bado ina maua, nyumbani kuna shida ya ada au ya ugonjwa, anakuja mtu na fedha mkononi, mnakubaliana kwa bakuli, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Msimu ukifika mali si yako tena, na huna pa kwenda kulalamika.

Ukiisoma aya ukiwa na stakabadhi mkononi, kinachoshika jicho ni ile amri kwamba anayetamka ni mdaiwa. Kwa nini asiwe mdai? Kwa sababu neno la mdaiwa ni ikrari. Anakiri juu ya nafsi yake, na kukiri juu ya nafsi ni ushahidi usiohitaji kusukumwa. Ghala limepokea mali ya watu, kwa hiyo ghala ndilo linalodaiwa, na ile XML inayotoka kwa mtunza ghala kuja kwenye seva ni ikrari yake: nimepokea kwa fulani, kiasi fulani, daraja fulani, tarehe fulani. Tangu nilipoiona hivyo sijaweza tena kuiita data tu.

Hapa ndipo mtindo wa hati unapokuwa na maana. SOAP ilipoanza, na WSDL, lugha ya kuandikia mkataba wa huduma, ilipoifuata mwaka 2001, kulikuwa na namna mbili za kuupanga mwili wa ujumbe. Ya kwanza iliitwa RPC. Mtumaji anaitaja shughuli anayotaka ifanyike, anaorodhesha thamani zake moja moja, na seva inatenda kana kwamba ni kiungo cha mwili wake kilichowekwa mbali. Ya pili ndiyo ya hati. Mtumaji anakabidhi waraka uliokamilika, ndani ya kipengele kimoja chenye jina lake, na aliyepokea ndiye anayeusoma na kuamua la kufanya. Mwongozo wa WS-I wa mwaka 2004 ulikataza usimbaji wa kale uliokuwa ukiifanya kila seva isome kwa namna yake, na JAX-WS, maktaba ya Java ya huduma za SOAP, ilipokuja, mtindo wa hati ukawa ndio Java inaoufuata usipotaja mwingine. Hata humo upo ujanja. Ule mpangilio uitwao WRAPPED unafunga thamani za shughuli ndani ya kipengele kilichopewa jina la shughuli hiyo hiyo, na kwa macho yangu hiyo ni RPC iliyovaa kanzu ya hati. Mimi hutumia BARE panapowezekana, ili kinachofika kiitwe stakabadhi na si "sajiliStakabadhi".

Tofauti yake ni ya kimaadili. Aliyeamrishwa kutenda anaweza kusema ametumwa. Aliyekabidhiwa waraka amekuwa msomaji, na msomaji anawajibika kwa usomaji wake. Watu wa pwani hii walilijua jambo hilo zamani. Huko Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711, miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyosalia. Barua ya namna ile ilikuwa na kichwa chake cha salamu na sifa za anayeandikiwa, kisha ndipo jambo lenyewe, na ililazimika kujitosheleza, kwa kuwa aliyeituma hakuwepo inaposomwa na aliyeibeba huenda hakujua kilichomo. Mpokeaji alikuwa na ule mwandiko tu, pamoja na uaminifu wake mwenyewe katika kuusoma. Ujumbe wa SOAP nao una bahasha, kichwa na mwili, na ukishafika, mtumaji hayupo.

Sasa nije kwenye pahala penyewe. Waraka ukiwa kamili na sahihi, seva haina mtihani wowote. Hata programu mbovu huupokea vizuri. Mtihani wa uadilifu uko pale ambapo waraka umenyamaza.

Chukua unyaufu. Korosho zikikaa hupungua uzito kwa kukauka, na kila msimu huwa na mabishano kuhusu kilo zilizopotea kati ya mizani ya AMCOS na mizani ya ghala kuu. Tuseme lori limetoka na kilo 10,000, ghala likapima 9,940. Kwenye skima, yaani maelezo ya muundo wa waraka, kuna kipengele cha unyaufu, na karani, kwa haraka au kwa kukosa kipimo, hakukijaza. Waraka umefika bila kipengele hicho. Kama aliyeandika programu alianza na Java badala ya kuanza na skima, na akakitangaza kipengele hicho kuwa ni double, ile namba ya kawaida yenye desimali, basi Java haina namna ya kuhifadhi kimya. Namba ya aina hiyo lazima iwe na thamani, na isipopewa inakuwa sifuri. JAXB, ambayo kazi yake ni kuugeuza waraka kuwa vitu vya Java, haitapiga kelele. Mtu akiandika kilo kwa mkato katikati, kama tulivyozoea kuandika kwenye karatasi, nayo huishia hivyo hivyo: XML haiukubali mkato ule kuwa sehemu ya namba, na JAXB usipoiamrisha kuhakiki, inaliruka kosa na kuendelea.

Tazama kilichotokea. Karani hakusema chochote juu ya unyaufu. Seva imeandika kwamba unyaufu ni sifuri, yaani korosho hazikupungua hata chembe. Hivyo zile kilo 60 hazina maelezo, na mahali ambapo mali ya watu haina maelezo, macho humgeukia mtu. Atageukiwa katibu wa AMCOS. Ataitwa kwenye mkutano wa wanachama chini ya mwembe ajieleze mbele ya watu waliomchagua, na karatasi itakayosomwa dhidi yake itakuwa na sifuri ambayo hakuna binadamu aliyeitamka. Ni ushahidi wa uongo uliozaliwa kwa kuchagua aina ya namba.

Ndiyo maana nasema dhima ina pahala. Iko kwenye mstari ule ambapo mtu anachagua kati ya double na BigDecimal. BigDecimal, aina nyingine ya namba katika Java, inaweza kuwa tupu, na utupu wake ukasomeka kama utupu. Isitoshe, double haiwezi kuihifadhi sehemu moja ya kumi ya kilo kwa ukamilifu. Inaikaribia tu, na ukijumlisha magunia ya msimu mzima tofauti ndogo hizo zinaweza kujitokeza kwenye hesabu. Sura al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na sijaona ndani yake msamaha kwa anayepunja kidogo sana kwa sababu ya namna mashine inavyohifadhi namba.

Saa nayo ni hivyo hivyo, na kwa hili Mtwara ina shida yake yenyewe. Ukikaa Kitaya au Kilambo, karibu na mto Ruvuma, simu hushika mnara wa ng'ambo, na Msumbiji iko saa moja nyuma yetu. Kifaa kilichoachwa kijirekebishe saa chenyewe kinarudi nyuma saa nzima bila aliyekishika kuhama alipo. Hati inatoka hapo imeandikwa saa ya kupokea mzigo, na kwa kanuni za XML inaruhusiwa kutotaja ukanda wa saa. Java ina kitu kiitwacho XMLGregorianCalendar ambacho kinakumbuka kwa uaminifu kwamba ukanda haukutajwa. Ukikigeuza kuwa kalenda ya kawaida bila kuuliza, kinajaza ukanda wa mashine inakokaa seva. Kama seva imekodiwa Ulaya, korosho za Kitaya zimepokewa kwa saa ya Ulaya. Pwani tunabishana kila mwaka kuhusu mwezi wa Ramadhani, na shahidi akija kusema ameuona, jambo la awali anaulizwa: uliuona ukiwa wapi? Hatumpangii sisi mahali alipokuwa amesimama. Kwenye skima zangu naweka sharti kwamba saa lazima iishie na ukanda wake, na isiyo nao namuuliza mwenyewe aseme alipokuwa.

Pahala pa pili pa dhima ni kwenye jibu la kosa, na hapa ndipo moyo wangu unaponiuma zaidi.

SOAP 1.1 inataka seva inaposhindwa ijibu kwa kipengele cha Fault, na ndani yake itaje kosa ni la nani. Majina yake ni manne, lakini yanayotumika siku zote ni mawili. Client ina maana kwamba waraka wenyewe una kasoro, na hakuna faida kuurudia bila kuurekebisha. Server ina maana kwamba waraka hauna neno, tatizo liko kwangu niliyepokea, na ukijaribu baadaye huenda ukakubaliwa. Toleo la 1.2 la mwaka 2003 liliyabadili majina yakawa Sender na Receiver, lakini hukumu ni ile ile. Itifaki inadai kwa uwazi kwamba mashine itoe ushahidi juu ya nani amekosea, hata kama aliyekosea ni yenyewe.

Nimemwona mzee aliyetoka kijijini upande wa Msimbati kuja mjini kwa sababu aliambiwa taarifa zake si sahihi. Taasisi siitaji. Akarudi kijijini, akaenda kwa mwenyekiti kuandikiwa barua, akaenda kupiga picha upya, akalipa nauli tena, na kote huko taarifa zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hifadhidata ilikuwa haijibu siku ile. Aliyeandika programu alikuwa ameikamata kila hitilafu, ya aina yoyote, na kuitolea sentensi moja: taarifa ulizotuma si sahihi. Java yenyewe isingesema hivyo. Hitilafu isiyokamatwa ikipanda mpaka juu, JAX-WS huijibu kama kosa la Server, yaani huikubali lawama. Ilihitaji mkono wa mtu kuufunika ukweli huo na kuugeuza kuwa kosa la mzee.

Mzee huyo alikaa nasi barazani akisubiri gari la jioni, akamwambia mama: "Wamesema jina langu limekosewa. Labda nilikosea mimi, si unajua uzee." Kilichonisumbua ni kwamba aliamini. Mashine ilimtuhumu, naye akaikubali tuhuma dhidi ya jina alilopewa na wazazi wake. Katika dini yetu kumzulia mtu kosa ni jambo zito, na uzito huo haupungui kwa sababu aliyezuliwa yuko mbali na aliyezua hakumjua. Nauli yake ingeweza kulipwa. Ile shaka aliyotiwa juu ya nafsi yake sijui inalipwaje.

Kwa hiyo katika kazi yangu hakuna mstari unaokamata hitilafu zote kwa pamoja. Kila moja inakamatwa kwa jina lake na kupewa mwenye nayo. Benki isipojibu, ni yetu. Diski ikijaa, ni yetu. Namba ya mwanachama ikikosa tarakimu, hiyo ni ya aliyetuma, na jibu linataja ni namba ipi na imekosa nini. Nikishindwa kujua kosa ni la nani, naliandika kuwa letu mpaka ithibitike vinginevyo. Mshukiwa ana haki ya kuhesabiwa msafi kwanza, na kati ya mkulima na seva, seva ndiyo inayoweza kuibeba lawama bila kulala njaa.

Pahala pa tatu ni kukiri kutojua, na hapo sina mengi. Kichwani mwa ujumbe wa SOAP panaweza kuwekwa jambo lenye alama ya mustUnderstand, yaani usipolielewa jambo hili, usiendelee. Simama useme kwamba hukuelewa. Imam Malik anakumbukwa kwa elimu yake na vilevile kwa wepesi wake wa kusema "sijui" mbele ya watu waliosafiri mbali kumuuliza. Seva inayoruka alama hiyo na kuendelea kana kwamba imeelewa inatoa fatwa bila elimu. Nashangaa kuona ni programu nyingi kiasi gani huiruka.

Kijana ninayefanya naye kazi hakubaliani nami. "Dada," aliniambia, "mimi nimefuata WSDL. WSDL imesema namba, nimeweka namba. Wakitaka vingine wabadilishe mkataba." Ana hoja, na ni hoja ambayo fikihi inaijua. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi pwani hii, fundi aliyekabidhiwa mali ya mtu anaishika kwa mkono wa amana: ikiharibika bila yeye kuvuka mpaka au kuzembea, halipi. Lakini kuzembea kunapimwa kwa yale ambayo mafundi wa kazi ile wanayajua. Kila aliyeandika Java kwa muda anajua kwamba namba isiyopewa thamani huwa sifuri. Tumefundishwa. Na aya inasema katibu aandike kama alivyofundishwa, kwa hiyo elimu yenyewe ndiyo inayopanua dhima. Anayeanza kazi leo ana udhuru ambao mimi sina.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alisema kwamba yeye hakumdhulumu mtu. Alilala nyumbani kwake, programu ikafanya ilichofanya, miezi kadhaa baadaye, kwa mtu asiyemjua. Hapo nilimkumbusha mas'ala ya kisima. Mafakihi wamesema kwamba mtu akichimba kisima kwenye njia ya watu bila haki, kisha mpita njia akatumbukia, mchimbaji anadaiwa, hata kama wakati huo alikuwa amelala na hata kama ilikuwa usiku na hakuna aliyemsukuma yeyote. Kisima hakina roho wala nia, na hakuna anayekiuliza. Anaulizwa aliyekichimba pale watu wanapopita. Hilo ndilo jibu nililompelekea maalimu juu ya swali lake la nani ataitwa, na alilikubali.

Lakini alinigeuzia upande wa pili. Aliniuliza nafanya nini hati ikiwa na kasoro. Nikasema naikataa. "Na aya imesema katibu asikatae," akanijibu.

Jambo hili lilinikalisha. Ukali nao unaumiza watu. Fikiria lori lililofika ghalani usiku, mvua za Desemba zimeanza, barabara inateleza, na magunia yako wazi juu. Karani anatuma hati, seva inairudisha kwa sababu ya herufi moja. Kwa kanuni ya skima seva ina haki kabisa, na korosho zinalowa. Katibu anayekataa kuandika kwa sababu hakupenda namna ulivyotamka amemwacha mwenye mali bila hata ule mstari mmoja, yaani amemrudisha kwenye kangomba.

Niliubadilisha mpangilio mzima kwa ajili ya swali hilo. Sasa seva inaupokea waraka kabla ya kuuhukumu. Java inaruhusu kufanya hivyo: badala ya kuiacha JAXB ikupe vitu vilivyokwisha kutafsiriwa, unaandika Provider, unaiambia ikukabidhi ujumbe mzima kama ulivyofika. Naweka nakala ya ule wenyewe, bahasha, kichwa na mwili, bila kugusa nafasi wala herufi, ndipo naanza kuusoma. Hilo lina faida nyingine kwa hati zenye saini ya kidijiti, kama zinavyotumika kwenye mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG: ukiusoma waraka na kuuandika upya, saini inaweza isikubali tena, na ushahidi umeharibika mikononi mwako. Baada ya kuhifadhi ndipo skima inahakiki, kwa amri yangu. Waraka timilifu unapata jibu la kukubaliwa. Wenye pengo unapata jibu kwamba umepokewa na kuandikwa, lakini unangoja maelezo juu ya kipengele fulani, nacho kinabaki tupu mpaka aliye na haki ya kukitamka akitamke. Kukataa kabisa kumebaki kwa waraka usiojulikana umetoka kwa nani. Na kila hati inakuja na namba yake, ili karani aliyepoteza mtandao akituma mara ya pili seva itambue ni hati ile ile na isimhesabie mkulima magunia mara mbili, maana kumwongezea mmoja ni kumpunguzia mwingine.

Kazi hii itanizidi umri. Maktaba za SOAP zilikuwa ndani ya Java yenyewe tangu toleo la 6; mwaka 2018, kwenye toleo la 11, ziliondolewa, na baadaye hata majina ya vifurushi vyake yakabadilika kutoka javax kwenda jakarta. Kila mabadiliko ya namna hiyo yanamleta mtu mpya afungue programu asiyoiandika. Kwa sababu hiyo naandika maelezo ndani ya msimbo kwa Kiswahili, juu ya kila kipengele kinachoruhusiwa kuwa tupu: kwa nini kiko tupu, na nani ataumia kikijazwa sifuri. Atakayekuja akiamua kubadilisha, abadilishe akijua.

Kuna jambo moja ambalo mimi na maalimu hatujalimaliza. Anasema katika aya mdai yupo pale. Anasikia mdaiwa anavyotamka, na mashahidi wanasikia. Kwenye mfumo wetu ghala linatamka, seva inaandika, benki inasoma, na mkulima mwenye mali hasikii neno. Anaona fedha tu, siku zikifika, na hapo ndipo anapojua aliandikiwa nini. Maalimu anaona uandishi wa namna hiyo haujatimia hata ungekuwa na usahihi gani. Nilimwambia hilo si la mwandishi wa seva. Akasema, "Nani basi?"

Nikaandika sehemu inayotuma ujumbe mfupi kwa simu ya mwanachama kila hati inapoingia: kilo zilizotamkwa, daraja lililotamkwa, na palipo kimya, maneno "haikupimwa". Wenye mfumo wameniambia gharama ya ujumbe kwa msimu mzima ni kubwa na kwamba watalijadili. Nimewapelekea hesabu ya kutuma ujumbe mmoja tu kwa kila hati, badala ya mmoja kwa kila badiliko, na nimewaomba wanijibu kabla ya minada ya Oktoba.